Jiwe Jeupe Ndani ya Mchele

Mtu anayechagua mchele hukutana na mawe ya aina mbili. Jiwe jeusi humjia lenyewe: sinia likitua tu mapajani, jicho limekwisha kulifikia kabla mkono haujaanza kazi. Jiwe jeupe, lenye ukubwa wa punje na rangi ya punje, halimjii mtu. Linamtaka asogee mlangoni ambako mwanga huingia kwa ubavu, autandaze mchele mpaka ubaki tabaka moja, kisha apitishe kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine, akizisukuma kando punje zilizokwisha kukaguliwa. Bibi yangu aliifanya kazi hiyo huku akizungumza na jirani. Sisi wajukuu, tuliokwisha kuapa kwamba mchele ni safi, tulirudishiwa sinia na kuonyeshwa mawe matatu, tukaambiwa kwamba hatuna macho.

Macho tulikuwa nayo, na yalikuwa mazuri kuliko ya bibi. Ninachotaka kukitetea katika makala haya ni kwamba kuonekana hakumo ndani ya kitu kinachoonekana, wala hakumo kikamilifu ndani ya mtu anayetazama. Sehemu kubwa yake imo katika uhusiano wa kitu na majirani zake. Jambo hili limepimwa kwa zaidi ya nusu karne katika maabara za saikolojia na za sayansi ya ubongo, ilhali wengi wanaotuandalia vitu vya kuonwa, kuanzia vibao vya barabarani hadi visanduku vya dawa, bado hufanya kazi kana kwamba halijulikani. Kitu kisipoonekana hulaumiwa mtazamaji, au kitu chenyewe hukuzwa na kupakwa rangi kali zaidi, na majirani zake huachwa kama walivyokuwa.

Jaribio la kwanza halihitaji maabara. Lihamishe lile jiwe jeusi kwenye sinia la maharage meusi, nalo litapotea. Lihamishe jiwe jeupe huko huko, nalo litakuwa kitu cha kwanza kuonekana. Mawe hayajabadilika hata kidogo. Lugha yetu inaijua tofauti iliyopo hapa, kwa maana kutazama ni tendo ambalo mtu analitenda, na kuona ni jambo ambalo humtokea au halimtokei. Mtu husema "nimetazama sikuona", na hakuna anayedhani kwamba amejipinga. Swali la kisayansi limo katikati ya vitenzi hivyo viwili: ni nini hutendeka kati ya kutazama na kuona, na kwa nini vitu vingine huonwa hata na mtu asiyevitafuta?

Sehemu ya kwanza ya jibu ni kwamba jicho haliendi moja kwa moja kwenye kitu kimoja kimoja. Kwanza huugawa uwanja mzima katika maeneo. Anayeitazama kanga iliyotandazwa hahitaji kuhesabu maua wala kukagua mistari ili ajue pindo linaishia wapi na mji unaanzia wapi. Mpaka unaonekana papo hapo, hata kwa mtu aliye mbali kiasi kwamba hawezi kulisoma jina. Inaelezwa kwamba vazi hilo liliitwa kanga kwa sababu nguo za mwanzo zilikuwa na madoadoa yaliyofanana na manyoya ya ndege huyo, na ndege mwenyewe ni mfano mzuri, kwa kuwa hakuna anayemwona kanga kama doa na doa na doa. Humwona kama uso mmoja wenye ruwaza, uliotengana na majani yaliyo nyuma yake. Basi jicho limehesabu nini hata likajua kwamba uso huu ni mmoja na ule ni mwingine?

Aliyelishika swali hili kwa ukali kuliko wengine alikuwa Béla Julesz, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Marekani baada ya matukio ya mwaka 1956 na kufanya kazi katika maabara za Bell huko New Jersey. Julesz aliona kwamba picha za kawaida hazifai kwa uchunguzi huu, kwa sababu mtu akionyeshwa nyumba na mti huvitenganisha kwa kuwa anavijua. Akaitumia kompyuta, wakati kompyuta zilikuwa adimu, kutengeneza nyuso za nukta zisizo na maana yoyote, nusu moja ikifuata kanuni moja na nusu nyingine kanuni nyingine, kisha akauliza kama mpaka kati yao unaonekana kwa mtazamo mmoja wa haraka. Mwaka 1962 alianza kuchapisha matokeo hayo, na kutokana nayo akajenga dhana ambayo naiona kuwa mojawapo ya fikra safi kabisa katika historia ya elimu ya kuona.

Dhana yenyewe inaweza kuelezwa kwa mchanga na sindano. Dondosha chembe moja ya mchanga juu ya picha, mara nyingi, ukihesabu ni mara ngapi imeangukia mahali peusi. Hesabu hiyo, inayoitwa takwimu ya daraja la kwanza, itakueleza weusi wa jumla wa picha na haitakueleza zaidi ya hapo. Sasa dondosha sindano, ukihesabu ni mara ngapi ncha zake zote mbili zimeangukia mahali peusi, na urudie kwa sindano ya kila urefu na kwa kila mwelekeo. Hii ni takwimu ya daraja la pili, nayo ina mengi zaidi ya kusema: kama madoa ni manene au membamba, kama yamelala au yamesimama, kama yamesongamana au yameachana. Ukidondosha pembetatu na kuhesabu ncha zake tatu utafikia daraja la tatu, na kuendelea. Julesz alipendekeza kwamba jicho lisilojitahidi huishia kwenye sindano. Nyuso mbili zenye takwimu sawa za daraja la kwanza na la pili, hata zikitofautiana katika daraja la tatu, zingeonekana kama uso mmoja mpaka mtu azikague kipande kwa kipande.

Ilikuwa dhana yenye ujasiri, kwa sababu mtu yeyote aliweza kuiangusha kwa mfano mmoja. Waliouleta mfano huo, katika miaka ya 1970, walikuwa Julesz mwenyewe na wenzake. Walitengeneza jozi za nyuso zilizolingana kabisa katika hesabu ya sindano, lakini mpaka kati yake ulionekana wazi bila juhudi. Mtu aliyekwisha kufahamika kwa dhana yake angeweza kuitetea kwa miaka mingi, na wengi hufanya hivyo. Yeye aliiacha, na mwaka 1981 akaandika katika jarida la Nature pendekezo jingine: kwamba jicho la haraka huhesabu vijenzi vichache vya msingi, alivyoviita tekstoni, yaani vidoa virefu vyenye rangi, upana na mwinamo fulani, ncha za mistari, na mahali mistari inapokatana. Nyuso mbili hutengana pale idadi ya vijenzi hivyo inapotofautiana. Jinsi vilivyopangwa kati yao haina uzito mkubwa.

Nalo pendekezo hilo halikubaki kama lilivyokuwa. Mwaka 1988 James Bergen na Edward Adelson walichukua mfano uliopendwa sana, wa uso wa alama za X uliozungukwa na alama za L, ambao mpaka wake ulidhaniwa kuonekana kwa sababu X ina makutano na L haina. Waliporefusha kidogo mistari ya L, mpaka ulijitokeza zaidi. Walipoifupisha, ulififia, ilhali makutano hayakuongezwa wala kupunguzwa. Kumbe jicho lilikuwa likipima kitu cha chini zaidi, yaani ukubwa wa jumla wa kila alama, kama mtu anayepitisha nafaka kwenye chekeche za matundu mbalimbali na kuangalia ni kipi kimebaki katika chekeche ipi.

Ugunduzi ambao ningependa kila mtu anayebuni kibao, fomu au kifungashio aujue ni wa zamani zaidi, na hauhitaji hesabu yoyote. Mwaka 1966 Jacob Beck alitumia alama tatu: T iliyosimama, T iliyoinamishwa, na L. Aliwauliza watu ni alama zipi zinafanana, nao wakasema, kama sote tungesema, kwamba T iliyoinama inafanana na T iliyosimama kuliko L inavyofanana nayo, kwa sababu T ni T hata ikiinama. Kisha alizijaza alama hizo kwenye uso mmoja, eneo kwa eneo, na kuwauliza mpaka uko wapi. Mpaka kati ya T zilizosimama na T zilizoinama ulijitokeza wenyewe. Mpaka kati ya T na L, herufi mbili ambazo akili inaziona kuwa tofauti kabisa, haukuonekana vizuri, kwa sababu zote mbili zimejengwa kwa mstari mmoja wa wima na mmoja wa kulala.

Jicho la haraka na akili inayotafakari hutumia vigezo viwili tofauti vya kufanana. Tazama basi jinsi maamuzi ya maumbo yanavyofanywa katika ofisi zetu. Watu hukaa mezani, huwekewa mchoro mmoja mbele yao, wakauchunguza kwa utulivu, wakasema kwamba nembo hii inatofautiana na ile, au kwamba kisanduku cha dawa ya watoto hakiwezi kuchanganywa na cha watu wazima kwa sababu maneno yake ni mengine kabisa. Wanayoyasema ni kweli kwa mtu aliyekaa mezani. Muuguzi anayenyoosha mkono kwenye rafu lenye visanduku 60 wakati wa zamu ya usiku anatumia kigezo kingine, na kwa kigezo hicho visanduku viwili vyenye mkanda wa buluu juu na maandishi meusi chini ni kitu kimoja. Mchoro wowote unaoidhinishwa bila kupangwa kwanza kati ya majirani zake halisi umeidhinishwa kwa jaribio lisilohusika.

Sababu ya tofauti hii imo katika namna ubongo ulivyojengwa. Mwaka 1959 David Hubel na Torsten Wiesel, wakichunguza ubongo wa paka, waliripoti kwamba seli nyingi za gamba la kwanza la kuona, lililoko upande wa kisogo, hushtuka zinapoonyeshwa ukingo au mstari wenye mwinamo maalumu, kila seli na mwinamo wake. Walianza kuligundua jambo hilo kwa bahati, pale kivuli cha ukingo wa slaidi ya kioo kilipopita mbele ya mnyama na seli iliyokuwa kimya ikaanza kulia kwenye kipaza sauti. Kazi yao iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Baadaye ilibainika kwamba seli hizo pia hukandamizana, na kwamba ukandamizaji ni mkubwa zaidi kati ya jirani wanaopenda mwinamo uleule.

Hapo ndipo mambo mawili yaliyoonekana kuwa tofauti hukutana. Chukua uwanja uliojaa mistari ya wima. Kila seli inayoshughulikia mstari mmoja imezungukwa na seli zinazoshughulikia mistari kama huo, nazo hupunguziana sauti hadi uwanja mzima unakuwa mnong'ono. Weka mstari mmoja ulioinama: seli yake haina jirani wa kuinyamazisha, basi huendelea kupaza sauti peke yake, na jicho huvutwa huko. Sasa gawa uwanja nusu kwa nusu, mistari ya wima kushoto na iliyoinama kulia. Mstari ulio katikati ya eneo lake umezungukwa na ndugu pande zote, lakini ulio mpakani una ndugu upande mmoja tu, kwa hiyo hukandamizwa kwa nusu, na mpaka wote hung'aa kama uzi. Li Zhaoping, aliyeijenga nadharia hii kwa hesabu na kuieleza kwa upana mwaka 2002, anashikilia kwamba ramani ya vitu vinavyovuta jicho imo tayari katika gamba hilo la kwanza; watafiti wengine huiweka ramani hiyo katika maeneo ya juu zaidi ya ubongo, na mjadala haujafungwa. Ninachokichukua mimi ni kwamba kujitokeza kwa jiwe jeusi na kutengana kwa pindo na mji ni kazi moja ya kulinganisha jirani na jirani.

Kazi hiyo ina kikomo chake, na aliyekionyesha kwa uwazi ni mwanasaikolojia Mwingereza Anne Treisman, akishirikiana na Garry Gelade, katika andiko lao la mwaka 1980. Kitu kinachotofautiana na wenzake kwa sifa moja ya msingi, kama rangi au mwinamo, hupatikana kwa muda uleule iwe kimezungukwa na vitu vitano au thelathini. Kitu kinachotambulika kwa muungano wa sifa mbili, kwa mfano T ya kijani kati ya T za kahawia na X za kijani, hakijitokezi. Muda wa kukitafuta hukua kadiri vitu vinavyoongezeka, na kama hakipo kabisa, ongezeko hilo hukaribia kuwa mara mbili, kwa sababu mtu analazimika kupitia vyote ndipo aseme hakipo. Abiria wa Dar es Salaam anayesubiri daladala analielewa hili mwilini mwake. Mkanda wa rangi unaotambulisha njia humfikia akiwa mbali. Lakini kama magari mawili yana mkanda mmoja na tofauti yao imo katika maandishi ya kiooni, itambidi alisubiri kila gari lisogee, asome, aliache lipite, asome tena.

Utafutaji pia haulingani pande zote mbili. Q kati ya O nyingi huonekana mara moja, na O kati ya Q nyingi hutafutwa kwa taabu, kwa sababu Q imeongezewa mkia na O imepungukiwa mkia, na jicho huona nyongeza upesi kuliko upungufu. Hii ndiyo sababu saini iliyosahaulika kwenye fomu yenye saini ishirini ni ngumu kuiona, wakati saini moja iliyowekwa mahali pasipotakiwa inachomoza.

Mwaka 1989 John Duncan na Glyn Humphreys waliongeza jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina matumizi mengi kuliko yote. Walionyesha kwamba ugumu wa kutafuta unategemea mambo mawili kwa pamoja: jinsi kitu kinavyofanana na majirani zake, na jinsi majirani wanavyofanana wenyewe kwa wenyewe. Majirani wakiwa wa namna moja, akili huwaweka kando kwa mkupuo mmoja. Wakiwa mchanganyiko, kila mmoja hudai kukaguliwa. Mchele wa aina moja, punje zote zikiwa nzima, huchaguliwa upesi. Mchele uliochanganyika na chenga na chuya huchosha hata kama una idadi ileile ya mawe.

Nenda sasa kwenye barabara yoyote yenye maduka mengi katika miji yetu. Kila mwenye duka, akiona kibao chake hakionekani, hukiongezea ukubwa, rangi na taa, naye jirani hufanya vivyo hivyo mwezi unaofuata. Kila mmoja ameongeza mchanganyiko wa majirani, na hivyo amepunguza kuonekana kwa wote, na kwanza kabisa kwa alama ya barabarani inayosema watoto wa shule wanavuka. Alama hiyo ilibuniwa kwa ajili ya barabara tulivu. Ilipozungukwa na mabango mekundu na ya manjano haikupungua ukubwa hata kidogo, ila imeacha kuwa tofauti. Kenya iliona upande mwingine wa jambo hili mwaka 2004, serikali ilipoanza kusimamia kanuni zilizolazimisha matatu kuwa na mstari wa manjano ubavuni: juu ya gari la rangi moja mstari ule ulitambulika kwa mbali, lakini juu ya gari lililojaa michoro ubavu mzima ni rangi moja kati ya kumi. Mamlaka inayotaka alama fulani ionekane inapaswa kudhibiti kilicho kando yake, na kwenye vivuko vya shule ningeunga mkono kupiga marufuku mabango ndani ya umbali maalumu, hata kama mapato ya halmashauri yangepungua.

Fikra hizi zilipoingia kwenye kompyuta zilizaa mashine zinazotabiri jicho litakwenda wapi. Christof Koch na Shimon Ullman walilieleza wazo la ramani ya mvuto mwaka 1985, na mwaka 1998 Laurent Itti, Koch na Ernst Niebur waliitengenezea programu iliyopima rangi, mwanga na mwinamo, ikalinganisha kila mahali na mazingira yake, ikachagua mshindi, kisha ikamzuia asishinde tena ili zamu iende kwa mwingine. Ni kazi nzuri, na wenye kutangaza bidhaa hutumia programu za ukoo huo kukagua mabango yao kabla ya kuyachapisha. Lakini mtu asidhani kwamba ramani ya picha ni ramani ya mtazamaji. Tangu miaka ya 1960 Mrusi Alfred Yarbus alikuwa amerekodi mizunguko ya macho ya mtu aliyeonyeshwa mchoro wa Ilya Repin unaomwonyesha mwanamume akiingia nyumbani bila kutarajiwa. Alipoulizwa umri wa waliomo, macho yalikwenda nyusoni. Alipoulizwa hali ya mali ya familia, yalikwenda kwenye nguo na samani. Mchoro ulikuwa uleule. Mvuto wa kitu huamua mengi kwa mtu asiye na haja maalumu, na huamua machache kwa mwenye haja.

Haja nayo hupofusha. Mwaka 2013 Trafton Drew, Melissa Võ na Jeremy Wolfe waliwapa wataalamu 24 wa picha za matibabu picha za mapafu ili watafute vinundu, wakaweka ndani ya picha hizo umbo la sokwe lenye ukubwa wa mara 48 ya kinundu cha kawaida. Ishirini hawakulitaja, na wengi wa hao ishirini, kwa mujibu wa kifaa kilichofuatilia macho, walikuwa wamelitazama moja kwa moja. Walitazama wakaona mapafu. Matokeo haya husimuliwa mara nyingi kama kichekesho juu ya madaktari, jambo linaloniudhi, kwa sababu watu hao walifanya walichofunzwa kwa ustadi mkubwa: waliufunga mlango wa kila kitu kisichofanana na kinundu.

La kutisha zaidi ni jaribio jingine la Wolfe na wenzake, la mwaka 2005. Watu walitafuta kifaa kati ya vitu vilivyorundikana, mfano wa mizigo inayopita kwenye mashine ya uwanja wa ndege. Kifaa kilipokuwepo katika nusu ya picha, walikikosa mara 7 kwa 100. Kilipokuwepo katika picha 1 kwa 100, walikikosa mara 30 kwa 100. Watazamaji na aina ya picha zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni uadimu peke yake. Mtu anayepata vichache hujifunza kuacha mapema, na hajui kwamba amejifunza. Kila aliyevunjika jino anaujua ukweli huu kwa upande wa meza: mchele wa zamani uliojaa mawe ulichaguliwa kwa makini, na jiwe linalotufikia sasa mdomoni limetoka kwenye mfuko ulioandikwa kwamba umesafishwa kwa mashine.

Shinikizo la jicho linaloteua lina nguvu kiasi cha kubadilisha maumbile. Katika mashamba ya mpunga ya bonde la mto Yangtze kuna gugu ambalo, kwa vizazi vingi, wakulima waliling'oa kwa mikono kila walipoliona. Yaliyoonekana yaliondolewa, yaliyosimama wima kama mche wa mpunga, yenye rangi ya mpunga, yalibaki na kutoa mbegu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 unaonyesha kwamba mwigo huo ulianza kujitenga takriban miaka 1,000 iliyopita. Gugu lile ni jiwe jeupe lililotengenezwa na macho ya wachaguaji wenyewe.

Haya yote yananirudisha kwenye chumba kimoja ninachokifikiria sana, maabara ya zahanati inayopima malaria kwa hadubini. Mwaka 1904 Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, alichapisha mchanganyiko wa rangi ambao bado unatumika, unaokifanya kiini cha kimelea kuwa chekundu na sehemu iliyobaki kuwa ya buluu. Rangi hiyo ni njia ya kumpa kimelea tofauti ambayo asili haikumpa, kazi ileile ya kuhamisha jiwe jeupe kwenye maharage meusi. Lakini katika tone nene la damu kuna pia viini vya chembe nyeupe vilivyokolea zambarau, vichembe vya kugandisha damu vyenye uwekundu, na mabaki ya rangi yaliyoganda. Wekundu peke yake hautoshi. Mtaalamu lazima apate wekundu na buluu pamoja, katika umbo moja, yaani muungano wa sifa ambao Treisman alionyesha kuwa haujitokezi. Ndiyo maana utaratibu wa Shirika la Afya Duniani humtaka akague angalau maeneo 100 ya hadubini kabla ya kuandika kwamba hakuna kimelea. Ni kanuni ya kidole kinachosukuma punje kando, na inaiondoa hisia ya mtu katika uamuzi wa lini aache.

Zanzibar imepunguza maambukizi ya malaria hadi chini ya mtu 1 kwa 100, mafanikio ambayo kila mtu wa pwani ana haki ya kujivunia, na mafanikio hayo hayo yamemweka mtaalamu wa hadubini mahali palepale alipokuwa mtazamaji wa Wolfe. Slaidi baada ya slaidi haina kitu, na vipimo vya haraka havijaiondoa kazi ya hadubini mahali pote. Ningependekeza kwamba slaidi zenye vimelea vinavyojulikana zichanganywe kila wiki katika kazi yake ya kawaida bila yeye kujua ni zipi, kisha siku hiyo hiyo aambiwe alizozipata na alizozikosa, bila jina lake kuandikwa popote. Viwanja vya ndege tayari huingiza picha za silaha za bandia kwenye mashine zao kwa sababu hiyo hiyo. Maabara hazihitaji mashine mpya kwa jambo hili. Zinahitaji sanduku la slaidi za miaka iliyopita, namba mpya juu yake, na msimamizi anayefahamu kwamba slaidi iliyokosewa ni habari juu ya kazi ilivyopangwa kabla ya kuwa habari juu ya mtu.